Kulinganishwa na Nani? Kusoma Matokeo ya Tathmini ya Uongozi katika Vituo vya Afya

Matokeo ya tathmini ya uongozi yanapomfikia Mganga Mfawidhi wa kituo cha afya, kitu cha kwanza anachokitafuta kwa macho aghalabu ni ile safu ndogo iliyo pembeni mwa alama zake: wastani wa wengine. Akijiona juu ya wastani, hushusha pumzi. Akijiona chini yake, moyo humwenda mbio. Wakubwa wake nao huisoma safu hiyo hiyo, na kwa safu hiyo mtu huweza kupandishwa cheo, kupelekwa mafunzoni, kuhamishwa au kuvuliwa madaraka.

Safu hiyo ina uzito mkubwa kuliko upana wake, na ni rahisi kuisoma vibaya. Katika mkoa kama Mwanza, uliohesabiwa kuwa na watu 3,699,872 katika sensa ya mwaka 2022, wengine mjini Nyamagana na Ilemela, wengine vijijini Kwimba na Misungwi, wengine visiwani Ukerewe na Buchosa, kosa la kuisoma lina pande mbili. Kiongozi hodari wa zahanati ya kisiwani anaweza kuondolewa kwa sababu ya tarakimu ambazo hazikumpima yeye, bali zilipima umbali na mawimbi. Na kiongozi aliyezembea anaweza kujificha nyuma ya wastani dhaifu wa wenzake. Katika yote mawili, anayelipa gharama ni mgonjwa.

Kinachopimwa

Nchini Tanzania uongozi wa kituo cha afya hupimwa kwa njia zaidi ya moja. Njia inayojulikana zaidi kwa wananchi ni upimaji wa vituo kwa nyota, uliobuniwa chini ya mpango wa Matokeo Makubwa Sasa. Vituo vya ngazi ya msingi, yaani zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya, vilipimwa kwa mara ya kwanza mwaka 2015/16 na kupimwa tena mwaka 2017/18, kila kimoja kikipewa kati ya nyota sifuri na nyota tano. Sehemu ya alama hizo inahusu uongozi moja kwa moja: namna menejimenti inavyoendesha kituo, inavyotumia takwimu zake kupanga na kuboresha huduma, inavyopima utendaji wa watumishi, na inavyowajibika kwa jamii.

Njia ya pili humtazama mtumishi mmoja mmoja. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanywa kwa mfumo wa OPRAS, ulioanza kutumika mwaka 2004, ambao sasa nafasi yake imechukuliwa na mfumo wa kielektroniki wa PEPMIS. Hapa mtumishi na msimamizi wake hukubaliana malengo, kisha utekelezaji hupimwa.

Njia ya tatu ni tathmini ya pande zote, inayotumika katika mafunzo ya uongozi ya madaktari, wauguzi na mameneja. Kiongozi hujipima mwenyewe kwa hojaji. Hojaji hiyo hiyo hujazwa pia na mkuu wake, wenzake wa ngazi moja na walio chini yake. Na mwishoni alama zake huwekwa kando ya wastani wa viongozi wengine waliowahi kupimwa kwa hojaji hiyo.

Njia hizi zinatofautiana, lakini zote zina jambo moja linalofanana: tarakimu peke yake haisemi kitu. Alama 3.6 kati ya 5 ni kama himoglobini ya gramu 10 kwa desilita iliyoandikwa kwenye karatasi isiyo na jina. Kabla ya kuitolea uamuzi, tabibu atauliza ni ya nani: mtoto mchanga, mama mjamzito, au mwanamume mzima. Alama ya uongozi nayo inahitaji kuulizwa hivyo hivyo.

Kawaida si lazima iwe stahiki

Kuna aina tatu za ulinganisho, na kuzichanganya ndiko kunakozaa makosa mengi. Ya kwanza humlinganisha mtu na wengine: yuko juu au chini ya wastani wao. Ya pili humlinganisha na kiwango kilichowekwa: ametimiza au hajatimiza. Ya tatu humlinganisha na yeye mwenyewe wa jana: amepanda au ameshuka.

Tofauti ya aina mbili za kwanza inafahamika na kila mama aliyewahi kushika kadi ya kliniki ya mtoto, ingawa huenda hakuambiwa kwa maneno haya. Kwa miongo kadhaa ukuaji wa watoto ulimwenguni ulipimwa kwa michoro iliyotokana na watoto wa Marekani, ambao wengi wao katika uchanga walinyweshwa maziwa ya kopo. Michoro hiyo ilieleza jinsi watoto fulani walivyokua. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa viwango vipya, vilivyotokana na watoto wa Brazil, Ghana, India, Norwei, Oman na Marekani, waliochaguliwa kwa sababu walinyonyeshwa ipasavyo na kulelewa katika mazingira yenye afya. Michoro mipya ilieleza jinsi mtoto anavyopaswa kukua akipewa haki yake. Ile ya kwanza ilikuwa rejea tu. Hii ya pili ni kiwango.

Wastani wa viongozi wengine ni rejea. Unaeleza walivyo, hauelezi wanavyopaswa kuwa. Upimaji wa kwanza wa nyota ulidhihirisha jambo hili kwa uchungu. Lengo la taifa lilikuwa asilimia 80 ya vituo vya msingi vifikie nyota tatu au zaidi ifikapo mwaka 2018. Matokeo ya mwaka 2015/16 yalionyesha kwamba takriban theluthi moja ya vituo havikupata hata nyota moja, na vilivyofikia nyota tatu vilikuwa vichache mno. Katika hali hiyo kituo chenye nyota mbili kilikuwa juu ya wenzake wengi, na bado kilikuwa chini ya kiwango. Mganga Mfawidhi wake angeweza kusema kwa ukweli kabisa kwamba amewapita wengi. Mama anayejifungua katika kituo hicho usiku wa manane, pasipo maji wala damu, asingefaidika na ukweli huo.

Kinyume chake nacho hutokea. Pale ambapo karibu kila mtu anafanya vizuri, aliye chini ya wastani anaweza kuwa kiongozi mzuri tu. Mfano wa kubuni unasaidia. Kundi la viongozi lina wastani wa alama 4.2 kati ya 5, na alama za wengi wao zimesongamana, zikipishana na wastani huo kwa takriban 0.3. Muuguzi Mfawidhi mmoja amepata 4.0. Ripoti itamwambia kwamba nafasi yake ni ya 25 katika mia: robo ya wenzake wako chini yake, robo tatu wako juu. Neno hilo linatisha. Lakini kinachomtenganisha na wastani ni pointi 0.2 tu, tofauti ambayo wauguzi wa wodi yake pengine hawaioni kabisa katika kazi za kila siku. Nafasi katika mia hueleza foleni. Haielezi umbali kati ya aliye mbele na aliye nyuma. Msomaji makini hutazama vyote viwili, alama yenyewe na nafasi yake.

Kundi la rejea ni akina nani

Swali linalofuata ni la asili ya wastani huo. Hojaji nyingi za uongozi zinazouzwa duniani zilitungwa na kupimwa kwanza miongoni mwa mameneja wa makampuni na taasisi za Amerika Kaskazini na Ulaya. Wastani wanaouita wa viongozi kwa kweli ni wastani wa watu hao.

Wahudumu wa maabara wanaujua mtego huu. Watu wazima wengi wa Afrika Mashariki walio na afya njema huwa na chembe nyeupe za damu za aina ya nyutrofili chache kuliko zile zilizoandikwa katika vitabu vya Ulaya na Marekani. Mipaka ya vitabu hivyo ilipotumiwa kwa watu waliojitolea katika tafiti za huku, wengi wao walionekana wana kasoro ilhali walikuwa wazima. Kasoro ilikuwa katika mpaka, haikuwa katika damu. Kiongozi wa hospitali ya wilaya kandokando ya Ziwa Viktoria anayelinganishwa na meneja wa kampuni ya bima ya ng'ambo yuko katika hatari hiyo hiyo. Hojaji itamuuliza jinsi anavyogawa majukumu kwa wasaidizi wake, ilhali watumishi wake ni wachache. Itamuuliza jinsi anavyotoa changamoto kwa mkuu wake hadharani, katika mazingira ambamo heshima hudai jambo hilo lisemwe faraghani na kwa upole. Akipata alama ndogo katika kipengele hicho, haijulikani kama amekosa ujasiri au ana busara ya mahali pake.

Lugha nayo ina sehemu yake. Hojaji ya Kiingereza ikijazwa na watumishi wanaofanya kazi kwa Kiswahili, na kuzungumza Kisukuma au Kikerewe na wagonjwa, swali moja huweza kueleweka kwa namna tatu. Kwa hiyo rejea inayofaa zaidi kwa Mganga Mfawidhi wa Sengerema ni viongozi wa vituo vya ngazi yake, vyenye watumishi na bajeti inayokaribiana, walioulizwa kwa lugha ileile. Pale ambapo rejea hiyo haipo, ni heri ripoti iseme hivyo na isomwe kwa aina ya tatu ya ulinganisho, yaani mtu na yeye mwenyewe wa mwaka jana.

Gunia lile lile?

Katika soko la Mwaloni, Kirumba, mnunuzi wa dagaa hakubali bei ya gunia kabla ya kuliona gunia lenyewe. Gunia la lumbesa, lililoshindiliwa na kuvimbishwa kupita mdomo wake, linaitwa gunia moja kama lile lililojazwa kwa kipimo halali, lakini mbebaji anajua tofauti. Takwimu za vituo vya afya nazo zina lumbesa zake.

Mfano mashuhuri zaidi una zaidi ya miaka 160. Mwaka 1863 Florence Nightingale alichapisha toleo la tatu la kitabu chake kuhusu hospitali, lenye jedwali lililoonyesha kwamba hospitali 24 za London zilikuwa na vifo vya asilimia 90.84. Madaktari walipinga vikali, na hoja yao ilikuwa na msingi. Vifo vilivyohesabiwa vilikuwa vya mwaka mzima, lakini vilikuwa vimegawanywa kwa idadi ya wagonjwa waliokuwa wamelazwa siku moja tu ya mwaka huo. Hospitali inayolaza na kuruhusu wagonjwa wengi kwa haraka ilionekana kama machinjio. Nightingale alikuwa mwanatakwimu hodari, na madai yake kuhusu usafi na hewa yalikuwa ya haki; kigawanyo ndicho kilichoyatia doa.

Vifo, maambukizi ya vidonda na muda wa kusubiri mara nyingi huingizwa katika tathmini ya viongozi wa hospitali. Hapo ndipo ukali wa ugonjwa unapopaswa kuhesabiwa. Mfano mwingine wa kubuni: hospitali ya kwanza imelaza wagonjwa 1,000, kati yao 900 wenye hali ya kawaida na 100 mahututi. Wamefariki 9 wa kundi la kwanza na 20 la pili, jumla 29, sawa na asilimia 2.9. Hospitali ya pili, inayopokea rufaa, imelaza 1,000 pia, lakini 400 tu ndio wa kawaida na 600 ni mahututi. Wamefariki 2 wa kundi la kwanza na 90 la pili, jumla 92, sawa na asilimia 9.2. Kwa jumla hospitali ya pili inaonekana mbaya mara tatu zaidi. Lakini mgonjwa wa kawaida alikuwa na hatari ya asilimia 1 katika hospitali ya kwanza na nusu ya hiyo katika ya pili. Mgonjwa mahututi, asilimia 20 katika ya kwanza na 15 katika ya pili. Kwa kila kundi, hospitali iliyoonekana mbaya ndiyo iliyookoa zaidi.

Katika Kanda ya Ziwa jambo hili si la kinadharia. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando hupokea wagonjwa kutoka mikoa kadhaa: anayetapika damu baada ya ini kuharibiwa na kichocho kwa miaka mingi, mtoto mwenye selimundu aliyeishiwa damu, mama aliyepasuka mfuko wa uzazi njiani. Kuulinganisha uongozi wa wodi zinazopokea wagonjwa hao na uongozi wa kituo kinachowapa rufaa, bila kuhesabu tofauti hiyo, ni kumwadhibu anayepokea mzigo na kumsifu anayeutua.

Watu sita si watu sitini

Zahanati nyingi zina watumishi wachache. Katika zahanati yenye watumishi sita ambao wote wamempa kiongozi wao alama 4, wastani wake ni 4.0. Mmoja akikasirishwa na ratiba ya zamu za usiku, akatoa alama 1 badala ya 4, wastani huanguka hadi 3.5. Katika idara ya watumishi 60, hasira ile ile ya mtu mmoja ingeushusha wastani hadi 3.95 tu. Tukio ni moja. Kishindo ni tofauti. Ndiyo maana katika orodha yoyote ya vituo, vidogo huonekana kwa wingi kileleni na mkiani, huku vikubwa vikikaa katikati. Ugeugeu huo ni tabia ya idadi ndogo, na hauthibitishi kwamba viongozi wa vituo vidogo ama ni malaika ama ni wazembe.

Isitoshe, orodha yoyote ina mtu wa mwisho. Viongozi ishirini wenye uwezo sawa kabisa wakipangwa kwa alama, bahati peke yake itamweka mmoja wao nafasi ya 20. Ripoti nzuri haitoi alama moja kavu. Huonyesha pia kiasi ambacho alama hiyo ingeweza kuyumba iwapo upimaji ungerudiwa. Mayumbo ya watu wawili yakiingiliana sana, kuwapanga nani mbele na nani nyuma ni kubahatisha.

Nani aliyejibu

Wahenga walinena kwamba mwamba ngoma huvutia kwake. Uchambuzi wa Michael Harris na John Schaubroeck, uliochapishwa mwaka 1988 na kukusanya tafiti nyingi, ulionyesha kwamba alama anazojipa mtu huwiana kwa udhaifu na zile anazopewa na mkuu wake, kwa kiwango cha takriban 0.35, ilhali alama za wenzake na za mkuu wake huwiana kwa takriban 0.62. Kwa hiyo pengo kati ya alama za kujipima na za wengine ni sehemu yenye maana kubwa ya ripoti, pengine kuliko wastani wa taifa. Kiongozi aliyejipa 4.8 katika kusikiliza, na wauguzi wake wakampa 3.1, amepata habari ambayo hakuna kundi la rejea lingempa.

Hata hivyo waliojibu nao ni watu. Mtumishi asiyeamini kwamba jina lake litafichwa atampa bosi wake alama za kumpendeza, hasa pale ambapo watumishi ni watatu na mwandiko wa kila mmoja unajulikana. Mgonjwa anayehojiwa getini na mtu aliyevaa koti jeupe, akijua kesho atarudi kwa dawa za mtoto, atasema huduma ni nzuri. Kituo chenye alama za juu kupita kiasi na majibu yanayofanana neno kwa neno kinahitaji kuchunguzwa kama kile chenye alama za chini, kwa kuwa woga nao hutoa alama nzuri.

Kabla na baada

Kujilinganisha na mwaka jana kunaonekana njia salama zaidi. Nako kuna mitego miwili.

Wa kwanza ni kurejea kwenye wastani. Mgonjwa aliyekutwa na shinikizo la damu la juu sana siku moja, akipimwa tena, mara nyingi huonekana ameshuka kidogo hata kabla ya dawa. Vivyo hivyo kiongozi aliyepata alama mbaya kupindukia mwaka huu, mwakani aghalabu atapanda, na aliyepata nzuri kupindukia atashuka kidogo. Aliyekemewa akapanda huonekana ameponywa na karipio. Aliyesifiwa akashuka huonekana ameharibiwa na sifa. Hivyo ndivyo wasimamizi wengi wanavyojifunza, kimakosa, kwamba ukali ndio dawa.

Wa pili ni mabadiliko ambayo kiongozi hakuyaleta. Kwa miaka mingi mgonjwa aliyepewa rufaa kutoka Sengerema kwenda Mwanza alilazimika kusubiri kivuko cha kuvuka Ghuba ya Mwanza kati ya Busisi na Kigongo. Mwezi Juni 2025 daraja la J. P. Magufuli, lenye urefu wa takriban kilomita 3, lilifunguliwa rasmi. Atakayelinganisha muda wa rufaa wa mwaka 2024 na wa mwaka 2026 ataona tofauti, na sifa zake hazitakuwa za Mganga Mfawidhi, bali za zege na chuma. Kadhalika, iwapo mwenzake wa Nansio, ambaye wagonjwa wake bado wanategemea vivuko na meli, atawekwa safu moja naye na kuonekana amebaki nyuma, atakuwa amehukumiwa kwa jiografia.

Njia ya kuepuka mitego hii ni kuwa na kundi la kulinganisha lililopitia hali zilezile. Mradi wa Safe Surgery 2020, uliofanyika Kanda ya Ziwa mwishoni mwa miaka ya 2010, ulitoa mafunzo ya uongozi, ya kazi ya pamoja na ya usalama wa upasuaji. Watafiti wake hawakutosheka kupima kabla na baada katika vituo 10 vilivyopata mafunzo. Walifuatilia pia vituo vingine 10 vya kanda hiyo ambavyo havikuyapata, na kutazama matokeo yanayomgusa mgonjwa, kama maambukizi ya vidonda na ya mama baada ya kujifungua. Halmashauri isiyo na uwezo wa kufanya utafiti wa namna hiyo inaweza angalau kujiuliza: vituo jirani ambavyo havikubadili kiongozi vimesonga kiasi gani katika kipindi hicho hicho?

Namna ya kumpa mtu matokeo yake

Matokeo sahihi yanaweza kuleta madhara yakitolewa vibaya. Mwaka 1996 Avraham Kluger na Angelo DeNisi walichapisha uchambuzi wa tafiti nyingi kuhusu athari za kumpa mtu mrejesho wa kazi yake. Kwa wastani mrejesho ulisaidia, lakini katika zaidi ya theluthi moja ya matukio ulishusha utendaji. Maelezo yao yalikuwa kwamba mrejesho unaoelekeza mawazo ya mtu kwenye nafsi yake humdhoofisha kuliko ule unaoyaelekeza kwenye kazi.

Kwa Timu ya Uendeshaji wa Huduma za Afya ya Halmashauri, funzo ni la moja kwa moja. Kumwambia Mganga Mfawidhi mbele ya wenzake kwamba ameshika mkia ni kumwelekeza kwenye aibu yake. Kumwambia faraghani kwamba watumishi wake watano kati ya sita wanasema hawajui takwimu za mwezi zinatumikaje, na kumuuliza ataanzaje kikao cha mwezi ujao, ni kumwelekeza kwenye kazi. Nafasi katika orodha hairekebishiki kwa jitihada zake peke yake, kwani inategemea pia wengine. Kikao cha mwezi kinarekebishika.

Mgonjwa naye ana neno

Matokeo haya si siri ya ofisi. Mwananchi anayeona kituo chake kimepewa nyota ana haki ya kuuliza zinamaanisha nini. Nyota huchanganya mambo mengi, kuanzia jengo hadi utoaji wa dawa, na vituo viwili vyenye nyota mbili vinaweza kuwa na udhaifu tofauti kabisa. Kwa mama mjamzito, swali lenye faida ni mahsusi: je, kituo kina mhudumu usiku, maji, na usafiri wa dharura? Kamati ya usimamizi wa kituo, ambamo wananchi wana wawakilishi, ndiyo mahali pa kuuliza kipengele gani kimeshusha alama na nani atakirekebisha lini. Pia haifai kukikimbia kituo kwa sababu ya nyota zake pasipo kujua hayo. Homa ya mtoto haingoji safari ya kwenda kutafuta kituo chenye jina.

Maswali ya kubaki nayo

Atakayeshika ripoti ya tathmini ya uongozi, awe anayepimwa au anayepima, atakuwa amejikinga dhidi ya makosa mengi akiuliza maswali sita kabla ya kufikia uamuzi. Je, ninalinganishwa na wengine, na kiwango, au na mwaka jana? Hao wengine ni akina nani, na wanafanya kazi katika mazingira kama haya? Kipimo na kigawanyo ni kilekile kwa wote? Waliojibu ni wangapi, na walikuwa huru kusema? Kuna jambo gani lililobadilika ambalo kiongozi hakulileta? Na mwisho, hata nikiwa juu ya wastani, je, mgonjwa amepata anachostahili?

Swali la mwisho ndilo linaloyapa mengine maana. Wastani unaweza kupanda na kushuka, orodha zinaweza kupangwa upya kila mwaka, na hojaji mpya zitatungwa. Lakini kiwango cha kiongozi wa kituo cha afya hakiwekwi na wenzake. Kinawekwa na haja ya yule aliyelala kitandani. Ulinganisho unaomsaidia kiongozi kumfikia mgonjwa huyo una kazi ya kufanya katika ripoti. Usiomsaidia ni pambo tu, nao usimwondolee usingizi wala usimpe usingizi wa bure.